Laptopu ya bure kwa kila nyumba ama kompyuta za wadi? Vile naona nikiwa saiba Manyatta

Niko na saiba ndogo, duka la kompyuta na intaneti, hapa Manyatta, Kisumu, mashini saba na printa mbili, na huu ni mwaka wa tisa. Naanza na hilo ndo mtu asije kuniambia baadaye nilificha, kwa sababu siku serikali itagawa kompyuta za bure kwa watu wa hali ya chini mimi ndo nitakuwa wa kwanza kupoteza wateja. Lakini hao watu wa hali ya chini wanaoongelewa kwa redio ndo wanaingia kwa mlango wangu kila siku, na nimekaa nao karibu kuliko wengi wanaopiga hii kelele ya kompyuta za bure, pande zote mbili.

Jumamosi ndo utaona vizuri. Saa tatu asubuhi nina watoto wanne kwa kiti kimoja, mmoja ameshika mausi na watatu wanamwambia pa kubonyeza, wamechanga shilingi tano tano. Pembeni kuna mama anauza omena Kibuye, mtoto wake wa gredi ya tatu ameambiwa alete picha za wanyama wa porini, rangi, na picha moja ya rangi kwangu ni shilingi ishirini, na mwalimu anataka tano. Huyo mama amekuja na hamsini. Alafu kuna mzee wa miaka sitini hivi anataka kufanyiwa ritani ya ushuru ya KRA, anatoa karatasi kwa mfuko wa shati, imekunjwa mpaka inakatika, hapo ndo ameandika paswadi yake ya iTax, ya eCitizen ile ya huduma za serikali, na ya imeili. Ananipa zote. Hanijui, anajua tu mi ni yule dada wa saiba.

Sasa swali ni kama pesa ya ushuru inafaa kununulia hizi familia kompyuta za bure. Naona njia nne watu wanazotaja, na nitaziweka kando kwa kando, lakini sitazigawia muda sawa kwa sababu zingine hazina maneno mengi.

Kwanza, huyo mlipa ushuru ni nani

Nasikia sana watu wakisema "kwa nini pesa ya mlipa ushuru iende kwa maskini," utadhani mlipa ushuru anakaa Milimani na maskini anakaa Nyalenda na hawajawahi kukutana. Huyu mama wa omena akituma pesa kwa M-Pesa ile ada anakatwa ina ushuru ndani, akinunua bando kuna ushuru, sheria ya fedha ya 2023 iliweka zote mbili asilimia 15. Akipanda matatu mafuta yana VAT. Sabuni, VAT. Yeye halipi PAYE, ile kodi ya mshahara, kwa sababu hana payslipu, lakini kulipa analipa, na ukipima na kile anapata kwa siku pengine anasikia uchungu kuliko mimi. Kwa hivyo ile hoja ya "mbona tuwalipie" mi naiweka kando. Hata yeye anajilipia. Kile kimebaki ni kuuliza hiyo pesa yake ikinunua nini itamrudia, na ikinunua nini itaishia kwa stoo.

Na shida yenyewe si ya kubuni. Sensa ya 2019 ilipata nyumba zilizo na kompyuta, iwe ya mezani ama laptopu ama tableti, ni asilimia 8.8 Kenya nzima. Waliotumia kompyuta kati ya watu wa miaka mitatu kwenda juu ni asilimia 10.4. Alafu kumbuka Machi 2020 shule zilipofungwa, gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba 12, wengine wakakaa nyumbani mpaka Januari 2021. Vipindi vilikuwa kwa redio na TV, na kuna watoto hapa mtaani walisoma na mwalimu kwa simu ya baba, baba akitoka na boda asubuhi darasa limeenda naye. Nilifunga saiba miezi kadhaa, na watoto walikuwa wanakuja kugonga mlango wa nyumbani kuniuliza kama naweza kuwafungulia mashini moja tu.

Njia ya kwanza: kila familia ipewe yake

Hii ndo tamu kusikia, na sitaidharau, kwa sababu kuna kitu kompyuta ya nyumbani inapeana ambayo hakuna saiba wala maktaba inaweza kupeana, na hiyo ni saa. Mtoto wa sekondari ya kutwa anafika nyumbani saa kumi na mbili jioni, anapika, anaosha wadogo, anapata nafasi saa mbili usiku. Saa mbili usiku mi nimefunga. Hata ningefungua, msichana wa miaka kumi na tano kutoka ndani ndani ya Obunga hawezi kutembea saa hiyo kuja kwangu, na mzazi akimkataza yuko sawa. Kitu cha pili ni siri. Yule mzee na karatasi yake ya paswadi angekuwa na mashini kwake, na kijana wa kumsaidia, haingebidi mgeni ajue ako na pesa ngapi ama anaumwa na nini. Mi sijawahi kutumia vibaya paswadi ya mtu lakini ukweli ni kwamba ningeweza, na hiyo hainipendezi.

Lakini sasa weka hesabu. Kaunti ya Kisumu ilikuwa na nyumba karibu laki tatu kwa hiyo sensa ya 2019. Tuseme theluthi moja ndo wa hali ya chini kabisa, hiyo ni laki moja. Laptopu ya mtumba iliyo sawa, zile zinatoka Uingereza, tuseme elfu ishirini. Laki moja mara elfu ishirini ni bilioni mbili. Kwa kaunti moja, mara moja tu, bila chaja ya pili, bila fundi, bila bando. Na laptopu ya mtumba naijua, ndo mashini nimejaza hapa ndani, betri inaanza kukufa mwaka wa pili, na mwaka wa nne ama wa tano hiyo kitu ni ya kuuzia fundi spea. Ukifika hapo unahitaji bilioni mbili zingine.

Alafu stima. Sensa ileile ilisema nyumba zinazotumia stima ya laini kuwasha taa ni kama nusu ya nchi, asilimia 50.4. Tangu wakati huo laini zimeongezwa, lakini nenda Seme ama Nyakach ndani uone, na hata hapa mjini kuwa na mita si kuwa na tokeni. Kuna nyumba naijua tokeni inanunuliwa ya shilingi hamsini hamsini. Na nyumba ya mabati Nyalenda, mlango wa kufuli moja, ukiingiza laptopu hapo mtaa mzima unajua jioni hiyo. Maji ya ziwa yalipopanda 2020 watu wa Dunga na kando kando ya Nyalenda walitoka na magodoro kichwani, na Nyando wanafurika karibu kila mvua ndefu. Kitu cha stima kwa nyumba kama hiyo kinahitaji bahati.

Na kuna hili la kuuza. Watu wanasema maskini atauza kompyuta, wanalisema kama tusi. Ndio, wengine watauza, Januari karo ikiitishwa ama mtoto akilazwa, na ningekuwa mimi pia ningeuza, hakuna aibu hapo. Mtoto akiwa mgonjwa unauza kile kinauzika. Lakini ukiwa unapanga pesa ya umma lazima uhesabu hilo toka mwanzo, kwamba kitu cha elfu ishirini kwa nyumba isiyo na akiba kitatumika kama akiba.

Sasa tuangalie waliojaribu, kwa sababu si sisi wa kwanza. Romania walianza 2004 kupea familia za kipato cha chini vocha ya euro 200 ya kununulia kompyuta. Watafiti wakaja wakalinganisha familia zilizopata na zile zilikosa kwa kidogo tu, wakaona watoto waliopata walijua kompyuta vizuri zaidi lakini alama za shule zilishuka, wengi walikuwa wanacheza gemu. Marekani, kule California, wanafunzi 1,123 wa shule 15 ambao hawakuwa na kompyuta nyumbani, nusu wakapewa za bure, matokeo yaliyotoka 2013 yakasema alama hazikupanda na hazikushuka. Peru waligawa laptopu za ule mpango wa Nicholas Negroponte, profesa wa Marekani, wa laptopu moja kwa kila mtoto, wakapima shule 319 za vijijini, hesabu na lugha hazikusonga.

Wengi wakisoma hayo wanafunga faili, wanasema basi ni pesa imetupwa. Mi sifungi haraka hivyo. Walikuwa wanapima alama za hesabu na lugha, na kompyuta haifundishi hesabu, kama vile jembe halileti mvua. Lakini Romania watoto walijua kompyuta, na hapa kwetu hicho ndo kitu kinakosekana. Nimeona kijana ametoka kidato cha nne na B, anakuja kuomba chuo kwa KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, hajui kushika mausi, anaogopa kubonyeza asije akaharibu. Huyo hakuhitaji kuongezewa alama ya hesabu, alihitaji tu masaa ya kuzoea. Kwa hivyo ukiuliza kama kompyuta inapandisha alama, jibu linaonekana ni hapana, lakini ukiuliza kama inatoa mtu uoga, jibu ni ndio, na nalishuhudia hapa kila mwezi.

Njia ya pili: kituo cha kompyuta cha wadi, ama maktaba

Hii serikali imeiongea sana. Kuna ahadi ya vituo vya dijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi Kenya nzima, na waifai ya bure sehemu 25,000. Kabla ya hapo kulikuwa na zile habu za maeneo bunge kupitia NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, nne kwa kila eneo bunge. Na maktaba ya taifa iko hapa Kisumu, iko Nakuru, iko Kakamega, na maktaba kwa katiba ni kazi ya kaunti, iko kwa Jedwali la Nne. Hilo ni muhimu kuliko watu wanavyojua kwa sababu shule ya msingi na sekondari ni kazi ya serikali kuu, kwa hivyo ukienda kumwambia MCA wako, mwakilishi wa wadi, anunulie wanafunzi wa sekondari laptopu atakuambia hiyo si kazi yake na atakuwa amesema ukweli. Ukimwambia maktaba hawezi kukwepa.

Hesabu yake nimefanya usiku mwingi, nimezoea biashara hii. Kisumu ina wadi 35. Kituo cha mashini ishirini za elfu ishirini ni laki nne, mara 35 ni milioni 14. Wafanyakazi wawili wa elfu thelathini kwa mwezi, mwaka ni laki saba na elfu ishirini kwa kituo, milioni 25.2 kwa kaunti. Stima, intaneti na nyumba tuseme elfu thelathini kwa mwezi, milioni 12.6 kwa mwaka. Ukibadilisha mashini kila miaka mitano unaongeza kama milioni 2.8 kwa mwaka. Jumla ni milioni 40 na kitu kwa mwaka. Zile bilioni mbili za kugawa laptopu zingeendesha vituo hivi zaidi ya miaka arobaini.

Nikifika hapo nilikuwa nimefurahi, nikadhani nimemaliza. Alafu nikageuza hesabu upande wa pili. Kaunti ina watu 1,155,574 kwa sensa, gawa kwa wadi 35, kila wadi ina watu kama elfu 33. Mashini ishirini, fungua masaa kumi na mbili, siku sita, hiyo ni masaa 1,440 kwa wiki. Gawia watu elfu 33, kila mtu anapata chini ya dakika tatu kwa wiki. Dakika tatu! Hata kufungua imeili na ile intaneti ya hapa hazitoshi. Kwa hivyo kituo kimoja kwa wadi ni rahisi kwa sababu kinapeana kidogo, na mtu akikuonyesha bei bila kukuonyesha dakika amekuficha nusu ya habari.

Lakini weka vitano kwa wadi. Unafika kama milioni 200 kwa mwaka, bilioni mbili inakupea karibu miaka kumi, si miaka minne ya laptopu. Mashini mia moja kwa wadi, masaa 7,200 kwa wiki, na tuseme wanafunzi wa sekondari na wa chuo elfu mbili ndo wapewe kipaumbele, kila mmoja ana masaa matatu na nusu kwa wiki, mwaka mzima. Hapo sasa mtu anajifunza kitu.

Na kitu kikubwa cha kituo si mashini, ni mtu. Hii ndo sehemu nataka watu waisikie kabisa. Kati ya watu kumi wanaoingia saiba yangu, pengine watatu ndo wanataka kompyuta, wale saba wananitaka mimi. Wanataka mtu wa kuwaambia HELB ya mikopo ya chuo imeandika nini hapo, kwa nini SHA ya bima ya afya inasema namba haijapatikana, picha ya pasipoti inapunguzwa aje. Laptopu ya bure kwa nyumba ya yule mzee, bila mtu wa kukaa naye, atakuja nayo hapa kwa mfuko aniambie "dada, nisaidie."

Na hapo ndo vituo vingi hufa. Siku ya kufungua kuna utepe na mashini mpya, bajeti ya mashini ilikuwa, bajeti ya mshahara haikuwa. Kuna kimoja nilienda, sitasema wapi, saa nne asubuhi siku ya Jumanne, kimefungwa, jirani akaniambia mwenye funguo alipata kazi kwingine. Ukiangalia dirishani unaona skrini zimefunikwa na leso. Nilisimama hapo roho ikaniuma, nikafikiria wale watoto wanne wangu kwa kiti kimoja.

Udhaifu mwingine wa kituo nishautaja, ni usiku na ni umbali. Mtu wa Seme akilipa boda mia kwenda na mia kurudi, hiyo huduma si ya bure tena.

Njia ya tatu: toa ushuru, ama lipa nusu

Hapa nitapita haraka. Kuna wanaosema serikali isigawe chochote, iondoe tu VAT kwa kompyuta. Laptopu mpya ya elfu arobaini, VAT ndani yake ni kama elfu tano na mia tano. Itakuwa vizuri kwa mwalimu, kwa nesi, kwa mimi nikiongeza mashini, nitafurahi sana. Lakini mama ambaye hana arobaini hana thelathini na nne na nusu. Hiyo pesa itaishia kwetu tuliokuwa tunanunua tu.

Kulipa nusu kuna akili kidogo. Watu hapa washazoea simu za kulipa kidogo kidogo kila siku, mtu wa boda analipa vile anapata, na simu za kuunganishwa Athi River zilianza 2023 kwa bei ya shilingi 7,499. Shida ya mkopo wa aina hiyo ni ukifika mwisho umelipa zaidi sana ya bei ya duka, na ukikosa siku kadhaa kitu kinajifunga, mtoto yuko katikati ya kazi. Kama serikali ingelipa ile riba na mwananchi alipe bei yenyewe, kwa kijana wa chuo anayejua anataka kufanya kazi za mtandaoni, hiyo naiunga mkono. Mtu akilipa kitu polepole anakitunza. Kwa familia isiyo na uhakika wa kesho, hapana, usiwaongezee deni.

Na usiniambie simu inatosha. Jaribu kuandika barua ya kazi na sivii ya kurasa mbili kwa simu iliyopasuka kioo, alafu uniambie.

Njia ya nne: mashini ya shule iende nyumbani

Hii haiongelewi, na mi naona ndo iko karibu zaidi na sisi kwa sababu pesa yake ilishatumika. Mnakumbuka 2013 ile ahadi ya laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Tenda ya kwanza ikaanguka 2014, ikageuzwa kuwa tableti, 2016 zikaanza kupelekwa, zimeunganishwa na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha JKUAT pamoja na washirika wao wa nje, na mwishowe vifaa zaidi ya milioni moja vikafika shule za msingi za umma zaidi ya elfu ishirini. Milioni moja! Na mtoto wangu alikuwa kwa shule mojawapo, na kwa miaka yote aliyokaa pale aliishika mara mbili. Nilimuuliza mwalimu, akaniambia bila kuficha, "Mama, ikipotea ni mimi nitaulizwa." Zilikuwa kwa stoo ya chuma, madirisha ya nondo, zimepangwa kwa kabati. Siwezi kumlaumu yule mwalimu, ukimkabidhi mtu kitu na adhabu bila kumkabidhi njia ya kukitumia, atakifungia.

Lakini angalia vitabu. Toka 2018 serikali inapeleka vitabu moja kwa moja shuleni, mtoto anaandikisha jina, anaenda nacho nyumbani, kikipotea mzazi anarudisha kingine. Vingine vinapotea ndio, hakuna mtu alisema basi vitabu vyote vikae stoo. Kwa nini laptopu isiandikishwe hivyo hivyo, kidato cha tatu na cha nne, ama sasa hawa wa gredi ya kumi walioanza 2026, wiki mbili mbili, ijumaa kwenda na ijumaa kurudi? Mashini hamsini zinazozunguka zinaweza kuhudumia wanafunzi mia mbili kwa muhula. Inajibu ule usiku ambao kituo hakiwezi, na haibaki kwa nyumba kuwa akiba ya kuuzwa, kwa sababu ni ya shule na ina jina la shule kwa mgongo. Kinachotakiwa ni sheria ya kumlinda mwalimu, kwamba hasara ya kawaida, tuseme moja kwa ishirini, imehesabiwa kwa bajeti toka mwanzo na haimkati mshahara.

Sasa uchague nini

Kama wewe ni mzazi na unaniuliza kwa nyumba yako, mtoto wa shule ya msingi hahitaji laptopu yake, usiuze mbuzi, mlete saiba ama maktaba masaa mawili kwa wiki na ukae naye. Mtoto wa sekondari ya juu ama chuo, hapo tafuta ya mtumba, angalia betri na bawaba kabla ya kutoa pesa, na usichukue isiyo na chaja yake.

Kama ni pesa yetu sote ya ushuru, mi siwezi kusimama na laptopu ya bure kwa kila familia, hata kama moyo unataka, kwa sababu bilioni mbili inaisha kwa miaka minne na wale wenye stima na kufuli nzuri ndo watafaidi zaidi. Isipokuwa kwa watu wawili, mtoto mwenye ulemavu ambaye kutoka nyumbani ni kazi, na mwanafunzi wa chuo kutoka nyumba isiyo na kitu kabisa. Hao wapewe, bure, na wasiombwe sababu mara tatu. Kwa waliobaki, vituo vitano kwa wadi vyenye mtu wa kulipwa, na mashini za shule zitoke stoo. Hizo mbili zikienda pamoja zinafunika mchana na usiku. Moja peke yake inaacha shimo.

Na ndio, kituo kikifunguliwa karibu na stendi ya Manyatta mi nitaumia. Nimeshafikiria, pengine nitaomba kazi hapo, maana hii kazi naijua.

Kaunti lazima ipeleke makadirio ya bajeti kwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na vikao vya kusikiza wananchi ni karibu na hapo, kwa hivyo usingoje Juni. Kikao cha mwisho nilichohudhuria tulikuwa watu kumi na wanne, kumi walikuja kwa sababu ya barabara. Safari hii naenda na karatasi yangu ya hesabu, na kabla ya kuuliza kompyuta ngapi nitauliza laini ya mshahara wa mtu wa kukaa nazo iko ukurasa gani.